Zamu ya Maji Siku ya Sabato

Kaeni vizuri. Atakayepata jibu kabla hadithi haijaisha alibane kwanza mdomoni, kwa sababu jambo hili lina pande nyingi, na katika nyumba lilikotokea mpaka leo hawajakubaliana.

Katika milima ya Upare kulikuwa na nyumba moja yenye mabinti watatu na kitanda kimoja.

Wa kwanza aliitwa Penieli, na kipaji chake kilikuwa kinywa. Akitumwa kuomba chumvi kwa jirani alirudi na chumvi, malimau na salamu za watu wote wa nyumba ile. Watu wazima walimsikiliza kama mwenzao. Yeye mwenyewe alijua kwamba wanamsikiliza, na hilo lilimtia maringo.

Wa mwisho aliitwa Eliwaza, na kipaji chake kilikuwa miguu na mikono. Alikuwa mdogo wa umbo lakini mgumu kama kisiki. Alipanda mlima akikimbia wakati wenzake wanatafuta pa kupumzika, na akishika kitu hakiachi, awe mbuzi, awe mwizi wa parachichi.

Wa katikati aliitwa Nakijwa, na kipaji chake kilikuwa masikio. Alimjua mpita njia kwa mlio wa kandambili zake. Alijua maharage yanakaribia kuungua kabla moshi haujatoka, kwa jinsi chungu kilivyobadilisha sauti. Lakini kipaji cha masikio hakionekani. Watu wakikuona umekaa kimya unasikiliza, wanadhani huna kazi, wanakupa ndoo.

Kitandani Penieli alilala ukutani, Eliwaza ukingoni, na Nakijwa katikati, akipigwa teke huku na kiwiko huku. Alikuwa anaingia mwaka wa kumi na mbili. Mwili ulikuwa umeanza kumbadilika, na hakuwa na mahali pa kubadilishia nguo bila Penieli kutoa maoni. Hakuwa hata na mahali pa kulia bila kuulizwa, "Unalilia nini?" Mara nyingi hakujua analilia nini, na swali lile ndilo lililomzidishia machozi.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na chumba cha nje. Kilikuwa cha shangazi yao mpaka alipoolewa. Kilikuwa na mlango wake, dirisha linalotazama migomba, na kitanda chembamba cha mtu mmoja. Hata ungetaka kulaza wawili, kuta zingekataa. Sasa kilikuwa kimefungwa kwa kufuli, na ufunguo ulining'inia kwenye msumari sebuleni, ambapo Nakijwa aliuona kila alipopita.

Kwa nini kilifungwa? Kwa sababu ya Mama na Bibi. Mama alisema wapewe mabinti, wamekua. Bibi, mama yake Baba, alisema chumba cha binti yake kisiguswe, kwani siku akija kusalimia atalala wapi, juu ya magunia? Mama akajibu neno, Bibi akajibu neno, na tangu siku hiyo hawakusemeshana tena. Maneno yote yalipita kwa watoto.

"Eliwaza, mwambie bibi yako chai iko mezani."

Bibi alikuwa amekaa hapo hapo, kikombe kiko mbele yake. "Mwambie mama yako nimeiona. Macho ninayo."

"Mwambie bibi yako sukari imekwisha."

"Mwambie mama yako nimeshaonja, nimejua."

Eliwaza aliuona huo kuwa mchezo, akarudia kila neno kwa sauti kubwa ingawa wote wawili walisikia. Nakijwa hakuona mchezo. Yeye alisikia na yaliyobaki: Mama akivuta kamasi jikoni, Bibi akinong'ona na Mungu nyuma ya mlango, akimshtaki mkwewe.

Na Baba je? Baba alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato, mtu mpole, mpenda amani, na alipenda amani mno kiasi kwamba aliogopa kuamua chochote. Akiulizwa kuhusu chumba alisema, "Tutaliombea." Wiki ikapita, akasema, "Bado tunaliombea." Nakijwa alianza kulichukia neno lile, kisha akajichukia kwa kulichukia, maana ni neno jema.

Sasa sikilizeni habari ya maji, kwa sababu hapo ndipo kisa kilipo.

Juu ya kijiji kulikuwa na ndiva. Ndiva ni bwawa la udongo ambalo mababu walilichimba mlimani. Maji ya kijito hujikusanya humo usiku kucha, na asubuhi tundu lake huzibuliwa, yakashuka kwa mfereji mpaka shamba la mwenye zamu. Mwenye zamu huyapokea kwa jembe, akayaelekeza kwenye matuta. Asipokuwepo kuyapokea, yanapita moja kwa moja hadi korongoni, na zamu yake imeliwa. Itabidi angoje mpaka mzunguko umrudie, na mwaka ule wa ukame mzunguko ulikuwa mrefu. Maharage ya Mama yalikuwa yanatoa maua. Yakikosa maji wakati huo maua yangepukutika yote.

Zamu zilipangwa na Mzee Kajiru, naye alizipanga kichwani tu. Desturi ilikuwa hivi: zamu ya nyumba hii ikiangukia Jumamosi, walibadilishana na jirani yao Mama Anaeli, Mlutheri, mwenye zamu ya Jumapili. Hivyo kila mmoja alikwenda kuabudu siku yake, na shamba lake likanywa siku nyingine. Jambo jepesi kabisa, likiwa mikononi mwa watu wanaosemeshana.

Jumanne Mama alikwenda kwa Mama Anaeli wakabadilishana. Mama Anaeli akapeleka habari kwa Mzee Kajiru, naye akasema sawa: Jumamosi ya Mama Anaeli, Jumapili ya Wasabato.

Bibi hakuambiwa. Wala yeye hangeuliza. Alhamisi akachukua mkongojo wake, akapanda polepole mpaka kwa Mzee Kajiru.

"Badilisha zamu yetu na ya Mama Anaeli, kama siku zote."

Mzee Kajiru akakuna kidevu. "Tena?"

"Tena nini? Mimi nimeshakuomba mara ngapi?"

"Lakini mama, yule mkweo..."

"Huyo usinitajie. Badilisha."

Mzee Kajiru hakutaka ugomvi na mwanamke aliyemfahamu tangu akichunga ndama. Akabadilisha. Kilichokuwa kimebadilishwa kikabadilishwa, kikarudi kilikotoka: Jumamosi. Mama Anaeli alipopelekewa habari alisema labda Wasabato wameamua kubadili dini, akaendelea kumkatia ng'ombe wake majani.

Ijumaa jua lilipotua, nyumba nzima ilikusanyika kuipokea Sabato. Walisali ile sala ya Bwana kwa pamoja, na walipofika kwenye maneno ya kusamehe, Nakijwa alifunga mdomo. Alisikia kwamba Mama naye amenyamaza hapo, na Bibi pia. Baba na Eliwaza tu ndio walioendelea, na Penieli, ambaye hakunyamaza popote.

Asubuhi ya Sabato, nje ya kanisa, Penieli alimtazama mdogo wake mbele ya wasichana wote wa kwaya. "We Nakijwa, livute hilo gauni. Siku hizi halikutoshi hapo mbele, au hujioni?"

Wasichana wakacheka. Pengine Penieli alitaka kusaidia. Kinywa chake kilikuwa hivyo, kilisaidia na kuumiza kwa pumzi moja. Nakijwa hakwenda kwenye benchi la kwaya. Alikwenda kukaa nyuma kabisa, kwenye dirisha, ameikunja mikono kifuani.

Mfereji wa ndiva ulipita nyuma ya kanisa lile. Shamba la Mama Anaeli lilikuwa juu ya kanisa, na shamba lao lilikuwa chini yake. Kwa hiyo maji ya Mama Anaeli hayakufika kanisani hata siku moja. Yaliyopita dirishani pale yalikuwa yao.

Somo lilikuwa katikati Nakijwa aliposikia majani makavu yakikwaruza. Kisha mlio kama wa mtu anayepitisha ulimi kwenye meno. Kisha maji.

Akainuka, akanyata mpaka benchi la kwaya, akainama sikioni kwa mama yake, ambaye naye aliimba kwaya. "Mama, maji..."

"Nenda kanywe," Mama alinong'ona, "urudi ukae."

"Si ya kunywa, Mama, ni..."

Mama alimtazama kwa lile jicho. Nakijwa akasogea mpaka kwa Bibi. "Bibi, maji yetu yana..." Bibi, bila kumwondolea mhubiri macho, alimfinya paja akalisokota. Akabaki Baba, aliyekuwa mbele jukwaani, macho ameyafumba. Nakijwa alisimama kwenye njia ya katikati akingoja ayafumbue. Akayafumbua. Akamwona. Akaweka kidole mdomoni, akamwashiria kwa upole arudi kukaa.

Akarudi kukaa.

Yaende basi, alijisemea. Yaende yote korongoni. Maharage yakikauka ndipo watajua nani alikuwa anasema. Kanisa lilisimama kuimba, na wimbo ukaimbwa wote, beti zote, na Nakijwa alikaa hapo huku anajua. Machozi ya hasira yalimjaa, na maji nje yaliongezeka sauti. Ndilo lililomshinda: angeweza kufunga mdomo, lakini hakuwa na namna ya kufunga masikio. Kila tone lililopita alilisikia likipita. Wimbo ulipokwisha alimwendea mtu ambaye siku ile hakutaka kabisa kusema naye, akamvuta mkono wa gauni.

"Dada Peni. Ndiva imefunguliwa kwetu."

Penieli alifungua mdomo aseme neno, akaufunga. Kwa maneno yote aliyowahi kumtupia mdogo wake, hakuwahi hata siku moja kuyatilia shaka masikio yake. "Wewe baki," akanong'ona. "Tukitoka wote Mama atageuka." Akatoka kana kwamba anakwenda chooni, na mlangoni akamwondoa Eliwaza kwenye darasa la watoto.

"Eli, kimbia ndiva. Kazibe."

"Leo Sabato!"

"Nitajibu mimi. Kimbia!"

Basi hilo lilikuwa la Nakijwa: alisikia, akasema. Pasipo masikio yake hakuna ambaye angejua lolote mpaka ibada iishe na bwawa liwe tope.

Eliwaza alikimbia. Njia iliyowachosha wanaume aliipanda bila kusimama, viatu vya Sabato mkononi. Mzee Kajiru alikuwa amezibua na kwenda zake. Kizibo, gogo nene lililozungushiwa magamba ya mgomba, kilikuwa kimelala kando. Hakuweza kukinyanyua, akakiviringisha. Alipokisukuma tunduni maji yakakitema. Akakisukuma tena, yakakitema tena. Mara ya mwisho aligeuka, akakiegemea kwa mgongo, akakanyaga jiwe lililokuwa ng'ambo ya mfereji kwa miguu miwili, akajikaza. Maji yalimchirizika mbavuni, baridi ya mlimani, na gauni lake jeupe likawa rangi ya udongo. Alilia, lakini hakuachia. Pasipo mgongo wake, ndiva ingekuwa imekauka kabla mtu yeyote hajamaliza kuongea.

Penieli alikwenda kuongea. Alimkuta Mama Anaeli anapalilia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Heh! Msabato na mimi shambani Jumamosi. Kumbe kweli mmehama dini?"

"Tumehama akili, mama, dini bado ipo." Penieli akamweleza, akimwomba achukue maji leo, nao wachukue kesho.

Mama Anaeli akasimamisha jembe. "Jumanne nimeambiwa leo ni yangu. Alhamisi nimeambiwa si yangu. Sasa unaniambia ni yangu. Mimi ni mtu au ni kizuizi cha mfereji, cha kuhamishwa hamishwa? Nimeshapanga palizi yangu."

"Una haki ya kukasirika, mama. Tena ungekuwa mama mwingine ungeshanifukuza." Akamtazama usoni. "Kesho kutwa tutakuja kukupalilia kipande chote hiki. Mimi na wadogo zangu wote wawili."

Mama Anaeli akacheka bila kutaka. "Mdomo huo utakuozesha kwa askofu." Wakaenda pamoja kwa Mzee Kajiru.

Mzee Kajiru akatikisa kichwa. "Maji yakitoka, zamu imeliwa. Sheria ya ndiva ni ya mababu, si yangu."

"Yakitoka yote, babu," Penieli akasema. "Yetu yamezibwa njiani. Na aliyeyafungua hakutuuliza kwa nini tumebadilisha mara mbili."

Mzee Kajiru akakohoa, akakubali. Walipofika ndiva wakamkuta Eliwaza anatetemeka, meno yanagongana.

"Nani kakutuma wewe mtoto?" akauliza Mzee Kajiru.

"Masikio ya dada Nakijwa na mdomo wa dada Penieli," Eliwaza alijibu. "Naomba mnitoe."

Pasipo kinywa cha Penieli, maji yaliyozibwa yangebaki kuwa maji ya watu wengine.

Siku ile Mama Anaeli alipata maji yake. Jumapili asubuhi ndiva ikafunguliwa kwa ajili yao, na Baba akayapokea kwa jembe. Mchana Mama Anaeli alipita, ametoka kanisani na kofia yake, Mzee Kajiru yuko naye, wakasimama pamoja na nyumba nzima kutazama matuta yakinywa. Maua ya maharage yalikuwa yameinua vichwa. Jana yake Baba alikuwa ameliona gauni la Eliwaza, lakini alipoanza kuuliza Mama alisema, "Mambo ya tope yasubiri jua litue," na lilipotua Baba alikuwa amesinzia. Ndipo hapo Mzee Kajiru alipomwambia, "Binti yako kaokoa zamu hii. Bila yeye mngekuwa mnatazama vumbi."

Baba alitazama maji. Moyo ukamjaa, na mtu ambaye hakuwa ameamua jambo mwaka mzima akaamua. "Basi mbele yenu nasema: mtoto aliyeokoa maji haya, chumba cha nje ni chake." Kisha akauliza, "Ni yupi?"

"Penieli," akasema Mama Anaeli.

"Eliwaza," akasema Mzee Kajiru, wakati ule ule.

"Aliyesikia ni dada Nakijwa," akasema Eliwaza.

Wote wakamgeukia Nakijwa, aliyekuwa ameshika ndoo.

"Kusikia nako ni kazi?" akauliza Bibi.

Nakijwa aliiweka ndoo chini polepole, kwa sababu angeiweka kwa nguvu ingepasuka.

Jioni, kabla ya chakula, ufunguo uliondolewa kwenye msumari ukawekwa mezani. Baba akasema kila mmoja aseme la kwake.

Penieli akasema, "Mimi ni mkubwa. Niliwapanga wote. Kuziba tu kusingetosha, na kusikia tu kusingetosha. Sheria ya ndiva niliigeuza mimi, kwa mdomo wangu. Kama si mimi Eliwaza angekuwa amekumbatia gogo mpaka leo."

"Na ukatuahidi tukapalilie bila kutuuliza!" akasema Eliwaza. "Kesho mgongo unaouma ni wangu. Mimi ndiye niliyeshika. Nyinyi mlikuwa wakavu, mimi nililowa, na gauni limekufa."

"Wewe unaogopa kulala peke yako," Penieli akamwambia. "Chumba utakifanyia nini?"

"Nitajifunza humo kutoogopa."

Bibi akapiga meza kwa kiganja. "Mtoto huyu alipata baridi kwa ajili ya nyumba hii. Apewe."

"Aliyefanya kazi siku ya Sabato ndiye apewe zawadi?" akasema Mama. "Mimi naona Penieli. Amekua, anahitaji mlango."

"Bwana mwenyewe aliponya watu siku ya Sabato!"

"Sikusema amefanya dhambi, nimesema..."

Wakakoma ghafla wote wawili. Eliwaza alikuwa amefungua mdomo tayari kurudia, akakuta hakuna cha kurudia. Mama na Bibi walikuwa wamesemeshana uso kwa uso.

"Na Nakijwa?" Baba akauliza. "Unasemaje, mwanangu?"

"Yeye alikaa tu," akasema Penieli, si kwa ubaya. "Nilimwambia abaki, akabaki."

Hapo ndipo kile alichokuwa amekibana Nakijwa tangu jana kilipotoka.

"Ndiyo, nilikaa. Nilikaa hata kabla hujaniambia. Nilikaa wimbo mzima nikiwa nimeshajua, dada. Nilitaka maji yapotee, ili mwone." Sauti ilimkatika, akaishika tena. "Lakini kabla ya hapo nilisema. Mama, nilikuambia. Bibi, nilikuambia. Baba, nilisimama mbele yako. Niliwaambia wote, mkanirudisha kukaa. Kila siku nawaambia vitu, mnanirudisha kukaa. Hiki chumba sikitaki kwa sababu ya maji. Nakitaka kwa sababu nimechoka kusikia kila mtu na hakuna anayenisikia mimi. Ndilo langu, nimemaliza."

Mama akamgeukia Bibi. "Wewe alipokuja kwako ulimfanya nini?"

"Nilimfinya," akasema Bibi. "Na wewe?"

"Nilimwambia akanywe."

Bibi aliziba mdomo kwa khanga. Mabega yakamtikisika, na haikujulikana kama ni kicheko au kilio. Kisha akauliza polepole, "Hivi Jumanne wewe ulikwenda kwa Mama Anaeli?"

"Nilikwenda. Na wewe Alhamisi?"

"Eh, mama."

Baba akauchukua ufunguo, akaugeuza mkononi. Mama akasema labda wakae kwa zamu, huyu mwezi huu, yule mwezi ujao. Penieli akasema, "Mama, zamu ndizo zilizotufikisha hapa," na hata Nakijwa akacheka kidogo bila kupenda. Bibi akasema wapige kura. Baba akakataa. Alisema aliahidi kwa haki mbele ya watu, hakuahidi bahati. Na kulirudisha kufuli mlangoni, akasema, hawezi tena, ameshachoka kuuona ufunguo msumarini, kumbe na yeye alikuwa anauona.

"Tutaliombea," akasema, na Nakijwa akahisi moyo unazama. Lakini Baba akaendelea, "Sasa hivi. Nikisema amina, natamka."

Wakainamisha vichwa, ufunguo ukiwa katikati ya meza. Wakasali sala ile ile ya Ijumaa. Walipofika kwenye maneno ya kusamehe, Nakijwa alisikia sauti ya Mama ikipita hapo bila kusimama. Akasikia ya Bibi. Penieli, ambaye hakunyamaza popote, safari hii alisita, na chini ya meza mkono wake ukautafuta mkono wa mdogo wake. Nakijwa hakuusukuma. Maneno yalimkwaruza koo, yakatoka. Hasira haikuwa imekwisha. Alisamehe akiwa nayo, na chumba bado alikitaka, alikitaka kweli kweli.

"Amina," akasema Baba, na akafumbua macho.

Alimtazama Penieli, ambaye kinywa chake kilirudisha zamu, ingawa kiliuza na jasho la wenzake. Alimtazama Eliwaza, ambaye mgongo wake uliyashika maji, ingawa aliyashika kwa amri ya mwingine, na gizani anaogopa. Alimtazama Nakijwa, ambaye masikio yake yalianza yote, ingawa kwa urefu wa wimbo mmoja aliyaacha maji yapite, na kama asingesema mwenyewe asingejua mtu.

Penieli alinyoosha kiganja. Eliwaza akanyoosha cha kwake. Nakijwa akangoja kidogo, kisha naye akanyoosha.

Haya, nanyi mlioyasikia yote haya, yafungueni sasa majibu mliyoyabana. Baba ameshika ufunguo, viganja vitatu viko mezani, na chakula kinapoa. Ungekuwa wewe uliyekaa kiti kile, ungeuweka ufunguo kwenye kiganja cha nani, na wale wawili waliobaki ungewaambia nini wakubali?